Mfanyakazi wa Kudumu

Jumatatu asubuhi Bwana Funguo alikuwa amepiga goti kwenye mlango wa nyuma wa maktaba kuu, skrubu zikiwa mdomoni, akitoa kitasa cha zamani. Kilikuwa kitasa cha shaba, kimelainika kwa mikono ya watu, na kilikataa katakata kutoka. Alikibembeleza kwa bisibisi, akakitukana kidogo, akakipiga kwa kiganja, kikatoka pamoja na vumbi la mbao la miaka yote aliyofanya kazi pale chuoni. Liliachwa tundu lililopitisha mwanga. Aliliziba kwa kipande cha bati na kukipaka rangi ya mlango.

Chuo kilikuwa kinabadilisha milango. Kilikuwa chuo kikubwa, mwanafunzi wa uhandisi na wa sheria wangeweza kuanza na kumaliza masomo bila kuonana, na milango yake ilikuwa ya kila namna. Ilikuwepo ya funguo, ya komeo, ya kadi za zamani zenye mstari mweusi ambazo ilibidi uzikwaruze tena na tena huku ukinung'unika, na mmoja wa idara ya falsafa uliofungwa kwa kamba. Sasa yote iliwekewa kadi janja. Unagusisha kadi kwenye kidude cheusi ukutani, taa inawaka kijani, sumaku inaachia, unaingia. Ikiwaka nyekundu, umebaki nje. Meneja wa mradi, binti mchangamfu wa kitengo cha kompyuta, alizunguka idara zote kueleza hayo, na kila alikokwenda mtu mmoja alimuuliza itakuwaje umeme ukikatika.

Bwana Funguo hakuwa na ugomvi na kadi. Ila enzi za funguo alizipenda, na hakuona haya kusema hivyo. Enzi hizo alitembea na shada zima kiunoni, watu wakamsikia kabla ya kumwona, na mke wake, aliyekuwa mkutubi hapohapo maktaba kuu, alijua kwa mlio wa funguo tu kama mume amechoka au ana hadithi ya kusimulia. Mke huyo alikuwa amefariki kabla mradi haujaanza. Alifia kazini, kwenye meza ya kuazimisha vitabu, mhuri ukiwa mkononi, na msomaji aliyekuwa mbele yake alisubiri kwa adabu akidhani mama anajaribu kukumbuka tarehe. Bwana Funguo aliirudisha nyumbani kadi ya zamani ya mkewe na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Kila alipovaa shati asubuhi aliiona.

Alipomaliza kuziba tundu, Shemeji alifika na ndoo yake. Alikuwa mdogo wa kike wa marehemu mkewe, mfanya usafi wa maktaba, na kwa kuwa Bwana Funguo alimwita hivyo, chuo kizima kilimwita hivyo, wanafunzi na maprofesa, hata wale ambao hawangeweza kuwa shemeji zake kwa hesabu yoyote.

"Shemeji, naomba ule ufunguo," alisema Bwana Funguo.

"Ufunguo gani tena?"

"Wa mlango huu. Tunakusanya zote."

Shemeji aliuvaa ufunguo huo kiunoni kwa uzi, chini ya shati. Aliufungua uzi polepole. "Na mimi nitaingiaje?"

"Utaletewa kadi."

"Na nani?"

"Na wahusika."

Shemeji alicheka. "Wahusika hao nawajua. Wakifika niamshe."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Yeye na dada yake waliajiriwa chuoni siku moja. Walipanga foleni moja ya kupigwa picha za kadi, wakiwa na jozi moja ya hereni za mama yao. Mkubwa alizivaa, akapigwa picha, akazivua, akampa mdogo, naye akapigwa. Miaka mingi baadaye chuo kikasema kinabana matumizi, na watu wote wa usafi wakahamishiwa kwa kampuni. Siku hiyo kadi ya Shemeji ilikatwa kona kwa mkasi na akapewa shati lenye jina la kampuni mgongoni. Kazi ilikuwa ileile, sakafu ileile, ufunguo uleule. Lakini kampuni ilikuwa na sheria yake: msimamizi akipita jioni, asiyekutwa ndani ya jengo anahesabiwa hayupo, na asiyekuwepo anabadilishwa.

Bwana Funguo alitia ufunguo mfukoni na kwenda mlango unaofuata.

Mfumo uliwashwa siku ya Ijumaa. Asubuhi hiyo, alipokuwa akivaa shati, Bwana Funguo aliona msumari hauna kitu. Alitazama sakafuni, akasogeza viatu, akatazama nyuma ya kabati. Jioni, ofisi zilipokuwa zikifungwa, alipita maktaba kukagua sumaku na kumkuta mke wake amesimama kwenye mlango wa nyuma, amevaa sweta lake la kijani, kadi ya zamani mkononi. Kwa kipindi cha mpito, kabla watu wote hawajapewa kadi mpya, vidude vipya vilisoma pia kadi za zamani. Aliigusisha, taa ikawaka kijani.

"Bwana Funguo," alisema, maana hata yeye alimwita hivyo akitaka kumtania. "Mlango wangu umeufanya nini?"

"Tumeuboresha, bibie."

"Hauna hata pa kushika," alisema mke wake, akaingia kazini.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la maneno mawili. Kila kadi kwenye mfumo mpya ilitakiwa kuwa na tarehe ya mwisho. Ya mwanafunzi iliisha na mahafali, ya mhadhiri mgeni iliisha na mkataba wake. Kwa wafanyakazi wa ajira ya kudumu, waliohamisha taarifa walijaza kwenye nafasi ya tarehe maneno yaliyokuwa kwenye majalada ya utawala: wa kudumu. Mfumo ulisoma, ukaelewa, ukafanya kama ulivyoambiwa. Waliostaafu walikuwa wameondolewa, kwa sababu watu wa pensheni ni makini. Waliofia kazini hawakuwa na mtu wa kuwaondoa. Walikuwa wa kudumu, wakadumu.

Walikuja jioni, walio hai wakitoka. Walipishana nao kwenye ngazi na kusalimiana. Mlinzi wa lango kuu aliwauliza habari za huko, wakajibu nzuri, kama watu wanavyojibu. Dereva wa basi la wafanyakazi alikaa kwenye maegesho mahali basi lilipokuwa kabla ya kuuzwa, mikono kwenye usukani ambao haukuwepo, na akishafika mwisho wa safari aliteremka na kunyoosha mgongo. Profesa wa kemia alifuta ubao, akaketi, akasahihisha mitihani aliyoikuta mezani kwa mrithi wake. Wanafunzi walilalamika. Hawakulalamika kwamba msahihishaji ni marehemu, bali kwamba ana mkono wa birika katika kutoa maksi.

Mkutubi alirudi kwenye meza yake. Vitabu sasa viliazimwa kwa kompyuta na mhuri haukuhitajika, lakini yeye aligonga mhuri kwenye vikaratasi vya nyuma ya vitabu, kimoja baada ya kingine, akivirudisha rafuni kwa mpangilio aliouacha. Tarehe ya mhuri ilikuwa ya siku aliyofariki. Hakuisogeza, na hakuna aliyemwambia aisogeze.

Kadi ya Shemeji haikuletwa. Jioni ya kwanza alisimama nje ya mlango wa nyuma na ndoo, akatazama kidude cheusi, akakigusa kwa kiganja chake kitupu. Kikawaka nyekundu. Ndipo dada yake akafungua kutoka ndani, akauzuia mlango kwa kisigino kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa amebeba vitabu mikono yote miwili.

"Ingia basi, unaleta upepo," alisema.

"Dada, umekonda," alisema Shemeji.

"Na wewe umenenepa. Pita."

Msimamizi wa kampuni alipopita alimkuta ndani na kumwekea alama. Ikawa hivyo kila jioni. Shemeji alingoja nje, mkutubi alifika mwanga ukianza kufifia, akagusisha kadi, akazuia mlango kwa kisigino, mdogo wake akapita na ndoo.

Bwana Funguo naye alianza kumalizia kazi zake maktaba. Aliketi meza ya mwisho, karibu na magazeti, na kusikiliza mhuri. Hawakuzungumza sana. Hata zamani hawakuwa wasemaji wa hivyo. Mke aligonga, mume alilainisha kitasa fulani alichokiokota, Shemeji alipangusa sakafu akiwasimulia wote wawili habari za majirani, na harufu ya nta ya sakafu ilipanda kama ilivyopanda walipokuwa vijana. Bwana Funguo alikuwa na furaha, na aliijua. Nyumbani mke wake hakuja, maana nyumbani hakukuwa na mfumo. Bwana Funguo aliwahi kumuuliza meneja wa mradi kama kidude kimoja kinaweza kufungwa kwenye mlango wa nyumba ya mtu, na meneja akamwambia kwa upole kwamba mtandao hauvuki uzio wa chuo.

Kisha tangazo likabandikwa. Kipindi cha mpito kilikuwa kinaisha, kadi zote za zamani zingefutwa, na kila mtu alitakiwa apigwe picha apewe mpya. Bwana Funguo alilisoma tangazo hilo akiwa juu ya ngazi, na ilibidi ashuke. Alikuwa amezika mara moja. Hakudhani angeweza tena.

Jioni ileile alimpeleka mke wake kwenye dawati la picha. Mkutubi aliketi, akakaza sweta, akatabasamu. Mpiga picha akabonyeza. Kwenye kioo kilitokea kiti na pazia la bluu.

"Tujaribu tena, mama," alisema mpiga picha. "Usitikisike."

Walijaribu tena. Kiti kilitoka vizuri zaidi. Mpiga picha alisikitika, lakini mwongozo ulisema sura ionekane, na masikio yote mawili.

Kamati iliitishwa, kwa kuwa marehemu wengine nao walikuwa wanatoa viti. Ilikutana kwenye ukumbi mdogo wa utawala. Bwana Funguo aliitwa kama fundi na pia kama ndugu wa mhusika. Mwenyekiti alikuwa naibu mkuu wa utawala, mtu wa kusoma kila kitu miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Wanaleta usumbufu?" aliuliza.

"Hapana," alisema meneja wa mradi. "Wanawahi kuliko sisi."

"Wanaomba chochote?"

"Profesa wa kemia anaomba chaki."

Mwanasheria wa chuo alieleza kwamba ajira ya kudumu hukoma kwa kustaafu, kujiuzulu au kuachishwa. Kifo husimamisha mshahara. Juu ya milango hakuna kilichoandikwa.

"Bwana Funguo, una neno?"

Bwana Funguo alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi tangu asubuhi na yote yalimtoka. "Mke wangu alifanya kazi vizuri," alisema. "Naomba asifutwe." Akakaa.

Mwenyekiti alivua miwani. "Hafutwi mtu," alisema. "Tumieni picha zao za zamani. Kingine?"

"Kuna watu wa usafi," alisema meneja wa mradi. "Hawamo kwenye mfumo kabisa. Hawana hata kadi moja."

"Hao si wa kampuni?"

"Kampuni inasema milango ni yetu."

"Basi waingie wakiongozana na mfanyakazi wa kudumu."

"Usafi unaanza wa kudumu wakiwa wameondoka, mheshimiwa."

"Si kuna hawa wengine ndio wanaingia saa hizo?"

Wajumbe walitazamana na kukubaliana kwamba hilo lilikuwa na mantiki. Meneja wa mradi akaandika. Bwana Funguo naye alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amepata alichokijia, moyo ulikuwa mweupe, na chai ilikuwa inaingia.

Kadi mpya ya mkutubi ilitoka ikiwa na ile picha ya siku ya kuajiriwa, shingo ndefu, macho makali, hereni masikioni. Shemeji aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue.

"Hereni zangu hizo," alisema.

"Zako tangu lini?"

"Mama alinipa mimi, wewe ukazidandia."

"Foleni nilikuwa mbele."

"Siku zote ulikuwa mbele," alisema Shemeji, wakacheka hadi Bwana Funguo akawaambia hii ni maktaba. Aliikumbuka jioni hiyo kwa muda mrefu baadaye.

Mvua zilianza. Gari la kampuni liliwashusha watu wa usafi mapema ili liwahi kwingine, na marehemu, ambao hawakuwa na neno na mvua, walifika palepale mwanga ulipofifia, si kabla. Mlango wa nyuma wa maktaba haukuwa na kibaraza. Enzi za ufunguo haukukihitaji. Shemeji alisimama pale na ndoo ameifunika kichwani, maji yakimtiririka kwenye mgongo wenye jina la kampuni. Ndani, walio hai waliokuwa wakimalizia kusoma walimwona kupitia kioo cha mlango, na baadhi walitaka kumfungulia, lakini tangazo lilikuwa limebandikwa juu ya kioo hichohicho, kwamba mwanafunzi haruhusiwi kumwingiza mtu. Bwana Funguo mwenye kadi yake ya kudumu alikuwa kwenye mabweni siku hizo. Maji yalikuwa yanaingia kwenye vidude vya huko na alitakiwa kuvifunga upya vyote.

Shemeji alianza kukohoa. Alikohoa akipangusa, akakohoa akisimulia habari za majirani, na dada yake akamwambia aende hospitali. Akasema akienda atahesabiwa hayupo. Kifua kilimbana, akalazwa, akafariki kabla mvua hazijaisha.

Chuo hakikutoa tangazo, kwa kuwa hakuwa wake. Kampuni ilileta mama mwingine, mpole, mgeni wa kazi, akiwa amevaa shati lilelile limefuliwa. Bwana Funguo alimzika shemeji yake, akawapa mkono watu wote waliokuja, akarudi nyumbani. Mfukoni mwa ovaroli alikuta ule ufunguo, ambao hakuwahi kuukabidhi popote. Aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Alilia, kisha akajipa moyo. Alikuwa ameona mengi tangu mfumo uwashwe, na alitarajia kumkuta Shemeji kazini jioni.

Jioni mlango wa nyuma wa maktaba ulianza kulia, na mlio ukasikika hadi chumba cha mitambo. Mfumo mpya ulikuwa hivyo: mlango ukiachwa wazi kupita kiasi unapiga king'ora. Ulilia jioni ile na ya pili yake, ukaendelea, Bwana Funguo akiwa bado amebanwa na vidude vya mabweni, mpaka meneja wa mradi akamtuma akautazame.

Alimkuta mke wake amesimama mlangoni, kisigino kimezuia mlango, akitazama njia. Yule mama mpya alikuwa ameshaingia, anapangusa kwa mbali. Mvua ilikuwa nyembamba.

"Bibie, mlango unalia."

"Nausikia. Namsubiri mdogo wangu."

Bwana Funguo aliweka ngazi chini.

"Huko hamjaonana?"

"Huko ni pakubwa, hatukutani ovyo. Nilijua tutakutana hapa." Alisogeza sweta mabegani. "Wenzetu wote wanakuja. Dereva anakuja na basi hana. Yeye mbona haji?"

Bwana Funguo alitafuta namna nyingine ya kusema na hakuiona. "Hakuwa wa kudumu," alisema.

Mke wake alimgeukia na kumtazama, kwa yale macho ya kwenye kadi.

"Tuliajiriwa siku moja."

"Najua."

"Foleni moja, Bwana Funguo."

"Najua, bibie."

King'ora kiliendelea. Mkutubi aligeuka tena kutazama njia, na kisigino hakukitoa. Bwana Funguo alisimama kando yake muda mrefu, bega kwa bega, naye akitazama njia, hadi shati likamlowa. Kisha alisimamisha ngazi, akapanda, akafungua kifuniko, akakata waya wa king'ora cha mlango ule mmoja, akafunga skrubu zake vizuri, akashuka. Kesho yake alimwambia meneja wa mradi kwamba mlango umetengenezwa, na meneja, aliyeona kwenye kompyuta yake kwamba ulikuwa bado wazi, alisema ahsante.

Siku hizi mlango wa nyuma wa maktaba kuu hukaa wazi kila jioni, tangu mwanga unapofifia hadi taa zinapozimwa. Yule mama wa usafi bado husubiri nje hadi mfanyakazi wa kudumu afike. Kukiwa na mvua, maji huingia ndani hadi karibu na meza ya kuazimisha vitabu, naye huja na ndoo yake kuyapangusa.